Watatu Niliowaruka Munisagara

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi na kusahau njiani nimetumwa nini, kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukisahau kamwe: stesheni za Reli ya Kati. Niliweza kuzitaja kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma bila kumeza mate, kisha nikarudi nazo kinyumenyume. Baba alikuwa mfanyakazi wa stesheni ya Kilosa, sisi tukikaa Magomeni ya hapo hapo Kilosa, na wageni wakija nyumbani nilisimamishwa mbele yao nikafunguliwa kama redio. Watu wazima walitikisa vichwa wakasema huyu mtoto ana kichwa. Leo nina miaka hamsini na kitu, ni mpishi katika nyumba ya wageni hapa Mikumi, ambako Wazungu huja kutazama tembo na tembo huja kutazama mahindi yetu, na mpaka sasa sijui kichwa kile kilishukia kituo gani.

Aliyekiamini kuliko wote ni Bibi Hawa, mama wa mama yangu. Alikuwa akiishi Munisagara, kituo kinachofuata ukitoka Kilosa kwenda Dodoma. Mwanamke mwembamba, mnusa ugoro, ambaye hakuwahi kunisifia jambo moja bila kunitukana kwa jingine. Aliniita mume wangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu zao wa kiume, halafu akawalalamikia majirani: "Mume gani huyu, mwaka wa kumi sasa na bado ananilowanishia mkeka." Nilimwamkia shikamoo asubuhi na jioni, na kama sauti yangu ilikuwa ndogo, marahaba haikuja mpaka nirudie.

Kwetu sisi Wasagara ukoo unafuata upande wa mama. Mtoto wa baba yako anaweza kuwa mtu wa ukoo mwingine kabisa, lakini mtoto wa mama yako ni wewe mwenyewe. Bibi alizaa binti mmoja tu, na binti huyo, mama yangu, alizaa wavulana watatu, mimi wa mwisho. Maana yake, kama nilivyokuja kuelewa baadaye sana, ni kwamba nyumba ile ilikuwa imefika ukutani. Sisi wavulana tungeoa na kuzaa, lakini watoto wetu wangekuwa wa koo za mama zao. Ndiyo maana Bibi aliponisikia nikizitaja stesheni, hakucheka kama wengine. Alifunika kopo lake la ugoro, akasema, "Huyu anaweza kubeba."

Cha kubebwa kilikuwa majina tisa.

Yalikuwa majina ya watu wa ukoo wetu waliochukuliwa enzi za misafara ya watumwa, wakapitishwa njia ya bondeni wakiwa wamefungwa, kuelekea Pwani, wasionekane tena. Hawakuchukuliwa siku moja. Wengine walikwenda kabla bibi wa Bibi hajazaliwa. Ng'ambo ya Pwani hakuna aliyejua kuna nini. Kilichobaki ni rundo la mawe kando ya njia ile ya zamani, juu kidogo ya mashamba, na kila mwaka, kabla ya mahindi kuingia ardhini, wanawake wa ukoo walikwenda pale asubuhi na unga wa mtama na maji ndani ya kibuyu. Bibi alikuwa Mwislamu wa swala tano, hivyo alianza kwa Fatiha ili kila mmoja apate haki yake. Kisha akawaita wale tisa mmoja mmoja kwa mpangilio wao, akinyunyiza unga, na baada ya kila jina wenzake wakaitikia: "Arudi."

Masharti yake yalikuwa machache. Majina hayaandikwi. Yanabebwa na mdomo mmoja tu, wa nyumba ya Bibi, kwa sababu mtu akiitwa na midomo miwili hajui aelekee upi. Na anayeita haruki hata mmoja, kwani ukimruka mtu, anakukalia. Safari yake ambayo haikuisha inakuwa yako wewe, utaitembea mpaka uchoke, na huko uendako utaulizwa habari zake.

Mama yangu alikuwa amefundishwa majina hayo usichanani, lakini aliolewa mjini na kuyaacha yamwagike njiani. Alibakiza manne, tena bila mpangilio. Bibi alikuwa amemsamehe kwa kutolizungumza. Kwa hiyo likizo moja nilipelekwa Munisagara, na kila siku tukipalilia alinipa jina moja, nilirudie mpaka jioni.

Hapa ndipo penye kosa langu, na ningependa lieleweke, kwa sababu halikuwa kosa la mtoto mvivu. Lilikuwa la mtoto mjanja. Niliona kujifunza majina tisa ya watu nisiowajua ni kazi, ilhali kichwani nilikuwa na kamba ndefu ya stesheni iliyokwisha kufungwa vizuri. Nikayaanika majina kwenye kamba ile kama nguo. La kwanza nikalitundika Ngerengere, la pili Mikese, la tatu Morogoro, la nne Mkata, la tano Kimamba, la sita Kilosa. Hizo nilikuwa nimezipita na baba kwa macho yangu: nikifikiria mnazi wa pale Ngerengere, jina linakuja lenyewe. Munisagara niliiruka makusudi, niliona si heshima kumtundika mtu nyumbani kwa Bibi. Matatu ya mwisho nikayapeleka mbele: Mzaganza, Kidete, Godegode. Huko sikuwahi kufika. Nilikuwa nikizisikia tu zikitajwa.

Bibi alinipima siku tatu mfululizo, nikamtajia yote tisa. Hakuniuliza nimeyashikaje, nami sikumwambia.

Msimu ulipofika akaamua niite mimi. Tulikwenda watu saba, Bibi, mimi, na wanawake watano wa ukoo, mkubwa wao akiwa Mama Mkubwa Zaituni, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Umande ulikuwa bado uko majanini. Nikapewa unga mkononi. Nikaanza, na nakiri nilianza vizuri sana, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba anatazamwa. Jina la kwanza, "Arudi." La pili, "Arudi." Mpaka la sita sikukwama popote.

Nikanyoosha mkono kichwani nichukue la saba, nikakuta kamba tupu. Mzaganza ilikuwepo, inang'aa. Nguo haikuwepo.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi mdomo wangu haujawahi kupata adabu hiyo. Ulitamka tu kilichokuwepo. "Mzaganza," nikasema, nikanyunyiza unga. Na Mama Mkubwa Zaituni, Mungu amrehemu, akaitikia kwa moyo wote: "Arudi." Nikaona kumbe inawezekana. "Kidete." "Arudi." "Godegode." "Arudi," wakasema wote watano, na yule Godegode aliitikiwa kwa uchungu kuliko wote, labda kwa sababu alikuwa wa mwisho.

Bibi peke yake hakuitikia.

Tulirudi kwa mstari. Penye kijito Bibi aliinama kunawa unga, akawaacha wenzake watangulie.

"Mume wangu."

"Naam, Bibi."

"Huyo Godegode ni mtoto wa nani?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani wetu wa siku zote. Yeye hakucheka, na kicheko changu kikabaki pale peke yake.

"Nimekupa watu," akasema, "wewe umeita treni."

"Nitawaita kesho, Bibi. Niambie tena, nitawaita."

"Hakuna kesho. Jina lililorukwa halitamkwi mpaka msimu mwingine, asije akaliitikia mtu mwingine. Mwakani, tukijaliwa." Akakung'uta mikono. "Kwa sasa watatu hao wako kwako. Utakwenda walikokwenda. Na huko utaulizwa."

"Nitajibu."

"Kujibu unajua," Bibi akasema. "Hilo sina wasiwasi nalo."

Hatukujaliwa. Masika yale yale Bibi alianguka shambani akiwa na jembe mkononi, na alipoamka mkono wa kulia na ulimi vilikuwa vimekwenda. Kiharusi. Tukamleta kwetu Magomeni, akalala chumba cha nyuma miezi minane. Alikuwa anasikia kila kitu. Macho yake yalikuwa yale yale, ugoro tulimwekea sisi puani, lakini neno halikutoka hata moja, na kuandika hakuwahi kufundishwa.

Kila nikitoka shule nilikaa pembeni ya kitanda, nikamtajia majina sita kwa mpangilio, kisha nikamtazama. Midomo yake ilitikisika kidogo. Nikaanza kubahatisha. Nilitaja kila jina la kale nililowahi kulisikia, ya wazee wa Munisagara, ya marehemu wa jirani, ya watu wa Magole na Rudewa, nikingoja jicho lake liniambie ndiyo. Nilitaja mengi mno. Mwanzoni alinisikiliza kwa bidii, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchele. Baada ya wiki kadhaa alikuwa akifumba macho nikianza. Siku moja aligeuza uso ukutani, nikajua hata kama nimelipata na kulipita, hatutajua.

Mama alikwenda Munisagara kumuuliza Mama Mkubwa Zaituni, ambaye alikuwa ameitikia majina yale kwa zaidi ya miaka thelathini. Alirudi na jibu ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashindwa nicheke au nilie: "Mimi kazi yangu ilikuwa kuitikia."

Bibi alikufa kabla ya mahindi.

Sasa, mimi si mtu wa kuamini kwamba maiti wa karne nyingine anaweza kukukalia mabegani. Nataja tu yaliyonipata. Nilishindwa mtihani, nikaenda Dar es Salaam, nikapata kazi ya kumenya viazi melini, na kwa miaka zaidi ya ishirini sikulala sehemu moja miezi sita. Nimeoga Karachi, nimeugua Rotterdam, nimeachwa na wanawake katika lugha nne. Kila nilipojaribu kutulia, kitu kilininyanyua. Wenzangu melini walisema ni pepo la bahari. Mimi nilisema ni mshahara. Bibi angesema lake.

Lililonishusha ni supu. Tulikuwa tumetia nanga Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia, pwani ya Brazili, nami nikateleza kwenye supu niliyoipika mwenyewe, nikavunjika mguu mahali pawili. Meli haikungoja. Nilipotoka hospitali nilikuwa na magongo na Kireno cha bandarini nilichookota Beira na Maputo. Nikapata kazi katika jiko la mgahawa mmoja, nikidhani ni ya mwezi mmoja. Nilikaa miaka mitatu.

Bahia si mahali ambapo mtu mweusi anaweza kukaa mgeni kwa muda mrefu. Mji ule ndio uliokuwa makao makuu ya kwanza ya Wareno katika nchi ile, na kuuzunguka, kando ya ghuba, palilimwa miwa na tumbaku kwa mikono ya watu walioletwa na meli kutoka kwetu Afrika, kwa zaidi ya miaka mia tatu. Wajukuu zao ndio mji. Ukitembea asubuhi unaona sura za watu unaowajua. Niliwahi kumfuata mzee mmoja mitaa miwili nikiamini ni mwalimu wangu wa hesabu. Wana siku yao ya uhuru wasiyopenda kuichanganya na ya nchi nzima, mwezi wa saba, siku tano tu kabla ya Sabasaba yetu, kwa sababu wanasema Mreno wa mwisho alifukuzwa na wao. Ijumaa watu wengi huvaa nyeupe. Na barabarani wanawake wenye vilemba na magauni mapana meupe wanauza chakula wanachokiheshimu kama kitu cha msikitini, na nilipokionja mara ya kwanza nilitaka kupiga simu nyumbani. Ni bagia za kunde, jamani. Zile zile za Magomeni, ila wao wanazikaanga kwa mawese na kuzipasua wakatia kamba wa baharini ndani. Kule ni urithi wa mababu. Kwetu Mama Asha, muuzaji wa mtaani petu, alizifunga kwenye karatasi ya daftari la darasa la tatu.

Kwa hiyo wao walikuwa na Uafrika mwingi, na mimi nilifika na wangu, na ikaonekana wazi kwamba wangu haukutosha. Pale jikoni alikuwepo msichana mpishi, Jussara, mkali wa ulimi, aliyejipa kazi ya kunikagua.

"Taifa lako lipi?" akaniuliza siku ya kwanza.

"Tanzania."

"Sikuulizi pasipoti. Ketu? Jeje? Angola?"

Hayo ndiyo mataifa yao. Kila nyumba ya ibada ya ngoma ina taifa lake, yaani sehemu ya Afrika ambayo nyimbo na miungu yake ilitoka, na mtu akikwambia mimi ni wa Angola hamaanishi kwamba amewahi kuiona Angola hata kwenye ramani.

"Msagara," nikasema.

"Hilo halipo."

"Mimi nipo."

"Wewe tutakutafutia," akasema. "Cheza tuone."

Nikacheza. Wakanionea huruma. Tangu siku ile niliitwa Mwafrika wa Kichina, yaani nafanana na kitu chenyewe lakini sidumu. Nililichukua kwa kicheko, maana kucheka ni kazi yangu, lakini mtu hutaniwa miaka miwili na kuna siku utani unakuta kidonda.

Siku hiyo tulikuwa tunakula baada ya wateja wa mchana. Mazungumzo yalifika kwenye majina. Mpishi mmoja mzee alikuwa akieleza jinsi watu walivyobatizwa kwenye gati wakapewa majina ya watakatifu, wakaongezwa majina ya wenye mashamba, na jinsi karatasi nyingi za biashara ile zilivyochomwa moto utumwa ulipokwisha, hata leo ukitafuta mtu wako unafika kwenye ukurasa usiokuwepo. Kisha akanigeukia, bila ubaya wowote: "Na ninyi huko mlitusahau. Hamjui hata nani aliondoka."

Nikaweka kijiko chini. "Sisi hatukusahau," nikasema. "Kwetu tunawaita. Kila mwaka, kabla ya kupanda mahindi, kwa majina yao."

Nikaeleza rundo la mawe, unga wa mtama, njia ya misafara. Nikaeleza namna wanawake wanavyoitikia. Mzee akavua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikuwa Mwafrika halisi, nami nilijisikia vizuri mno, kwa kweli nilijisikia vizuri kiasi kwamba Godegode hakunijia kichwani hata kidogo.

Jussara hakutania. Alisema, "Bibi yangu lazima akusikie."

Bibi yake aliishi Cachoeira, mji mdogo saa mbili kwa basi kutoka Salvador, uliokaa kando ya mto, wenye daraja la zamani la chuma la reli na nyumba kubwa za wakati wa sukari zinazomea nyasi kwenye paa. Njia nzima Jussara alinieleza habari zake. Dona Lourdes alikuwa amevuka miaka themanini. Maisha yake yote alikuwa ameuza bagia pale mjini, na maisha yake yote alikuwa akiuliza swali moja kwa kila mgeni mweusi aliyepita: mabaharia, wanafunzi wa Naijeria, padri mmoja wa Guinea. Katika familia yao kulikuwa na neno lililopokezanwa, kwamba bibi wa bibi yake hakuletwa kutoka upande wa wengine. Aliletwa kutoka upande wa jua, meli ikizunguka bara zima, wakamwita wa Msumbiji kwa sababu huko ndiko alikopakiwa, lakini yeye alisema Msumbiji si kwao, kwao ni ndani zaidi, kwenye milima. Kanisani aliandikwa Maria. Nyumbani aliwafundisha wanawe jina lake la kweli.

Tulimkuta amekaa mlangoni, mguu mmoja juu ya kigoda. Jussara akainama, akambusu mkono na kumwomba baraka, naye akaitoa kwa sauti ya chini bila kutazama. Nikaelewa papo hapo, ni shikamoo na marahaba. Nami nikainama nikaomba. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama muhogo wa sokoni.

"Milima iko kwenu?" akauliza.

"Ipo, bibi."

"Na mnawaita?"

"Tunawaita."

"Bibi wa bibi yangu aliitwa Nyangala," akasema. Alilitamka polepole, kama mtu anayekupa kitu cha kuvunjika. "Miaka yote niko kwenye nyumba ya taifa la Angola. Wananipenda. Lakini nimekaa humo kama mpangaji, mwanangu. Hakuna ngoma yake humo. Nataka kujua kama kuna mahali anaitwa, kabla sijamfuata. Hilo tu."

Jina lile lilikuwa na sauti ya kwetu. Nisidanganye, lina sauti ya watu wengi pia, ukishuka hadi Malawi na kuvuka Msumbiji utakutana nalo au ndugu yake. Watu waliotoka pande zetu wengi walipelekwa Unguja na Arabuni, wachache mno ndio waliofika Brazili, na waliofika Bahia ni wachache kuliko hao. Mtu yeyote aliyesoma angeniambia niwe na akili. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mwanamke mzee ambaye alikuwa ameegemea mbele ili sikio lake zuri linielekee.

Nikafumba macho nikaita. La kwanza, nikajiitikia mwenyewe, "Arudi." La pili. Kufika la tatu, Dona Lourdes na Jussara walikuwa wameshika, wakaitikia nami kwa Kiswahili ambacho hawakukijua. La nne, la tano. Nilikuwa sijayatamka mbele ya mtu tangu chumba cha nyuma cha Magomeni. La sita.

Nikafungua macho. Alikuwa akingoja.

"Ndio wote?" akauliza.

Lilikuwa swali rahisi. Jibu lake lilikuwa: hapana, bibi, walikuwa tisa, watatu niliwapoteza mimi, kwa ujanja wangu, na Nyangala anaweza kuwa mmoja wao, sitajua kamwe. Nilikuwa na Kireno cha kutosha kusema yote hayo. Lakini Jussara alikuwa amesimama pembeni yangu, Jussara aliyekuwa ameacha kunitania kwa wiki nzima, na mjini kulikuwa na mzee aliyenivulia kofia.

"Ndio wote," nikasema.

"Sita." Akahesabu kwenye vidole, midomo ikirudia kila jina, na alikuwa ameyashika yote sita kwa kuyasikia mara moja. "Basi hayumo."

"Hayumo, bibi."

Alirudi nyuma kwenye kiti. Hakulia. Aliutazama mto kidogo, kisha akaweka kiganja juu ya mkono wangu, na kumbe alikuwa akinifariji mimi. "Usihuzunike, mwanangu. Angalau hao sita wana mtu."

Kisha tukaletewa chakula. Nilikula sahani mbili.

Nilirudi Tanzania mwaka uliofuata. Nikiwa njiani nilijiambia nitamwandikia Jussara. Nikiwa Dar es Salaam nilijiambia hivyo hivyo. Niliandika ujumbe ule kwenye simu mara nyingi, mwingine mrefu, mwingine mistari miwili, nikaufuta kila mara, kwa sababu ukiusoma kwa utulivu unagundua haumpi bibi yule kitu chochote. Unamwambia tu kwamba labda. Na kuna siku niliona labda ni ukatili, na siku nyingine niliona labda ndicho kitu pekee alichowahi kuwa nacho, nami nilikwenda mpaka mlangoni kwake nikamnyang'anya.

Mama amekufa. Kaka zangu wawili wana mabinti wazuri wenye mama zao na koo zao. Majina sita ninayo bado, nayasema wakati mwingine nikiosha sufuria, bila mpangilio wa msimu, na sina wa kumpa. Wageni wa hapa Mikumi wakisikia nimeishi Brazili wanataka mpira na kanivali, nami nawapa mpira na kanivali. Nimejiuliza mara nyingi kama Bibi Hawa aliona mbele au alinijua tu. Nadhani alinijua tu. Mtoto wa miaka kumi anaweza kusahau, Mungu hana kesi naye. Ila ile mara ya pili sikuwa mtoto, na sikuwa nimesahau chochote. Nilikuwa nakumbuka vizuri kabisa kwamba ni tisa.

Mwaka jana Jussara aliniandikia. Dona Lourdes amefariki, usingizini, hakuteseka. Alinitumia picha ya kile kikadi wanachogawa kwenye misa ya siku ya saba, chenye sura ya marehemu upande mmoja na maneno machache upande wa pili. Waliandika kwamba alikuwa binti wa Cachoeira na mjukuu wa watu wa Angola. Ilibidi tuandike kitu, Jussara alisema, na Bibi mwenyewe baada ya wewe kuja alikubali iwe Angola, aliacha kuuliza wageni. Vipi, umeona ni sawa?

Nilikaa na simu ile mpaka chai ikapoa. Kisha nikamjibu kwamba ni sawa, na kwamba Angola ni nchi nzuri. Nimewahi kufika huko mara moja, kwa saa nne, tukishusha unga.